Visa tulivyovipenda zamani na sasa vinatukera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaokuja kwenye vikao vyetu vya kusoma hadithi kwa sauti hapa Mtwara mjini, na kwa wenzetu wa Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea wanaotutumia maandishi yao kwa simu. Maswali huulizwa kwa uchungu: mtu ameleta hadithi aliyoihangaikia, amefika kwenye tukio analolipenda kuliko yote, wasikilizaji wakaguna. Mguno ule una sababu, na mwandishi ana haki ya kuelezwa.

Kwani mna ugomvi gani na hadithi za zamani?

Hatuna. Zimetulea. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mtu wa Kusini alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea mabasi yalilala njiani. Magazeti ya hadithi za mfululizo yalitufikia kwa kuchelewa, mengine hayakufika kabisa. Gazeti moja lilisomwa na mtaa mzima mpaka karatasi ikalegea. Sehemu moja ikipotea njiani, watu waliketi barazani wakaitunga wenyewe: sasa yule tajiri atakuwa amekwisha kugundua kwamba msichana wa kazi ni binti yake, sasa rafiki wa karibu atakuwa amemsaliti. Sehemu iliyofuata ikifika, wamepatia. Raha yenyewe ilikuwa hiyo, ya kubashiri na kupatia.

Leo msomaji yuleyule akibashiri akapatia, anaizima simu na kwenda kulala.

Ina maana kisa kinachosha kwa sababu kimerudiwa mno?

Kurudiwa peke yake hakuchoshi. Midimu, wale wachezaji wa vinyago wa Kimakonde, wakitoka msimu wa jando, watu wanawakimbilia kila mwaka na hakuna anayesema ngoma hii nimeshaiona. Tunavyoona sisi, kisa huanza kukera siku unapomgundua aliyebebeshwa mzigo wake. Karibu kila kisa kilichochakaa kina mtu mmoja aliyewekwa pale ili mwandishi asihangaike. Mama wa kambo awe mbaya, tusiulize baba alikuwa wapi. Mlinzi awe mjinga, watu wacheke. Msichana afe, funzo lituingie. Ukiwa mdogo humwoni mtu huyo. Ukishakua, ukawa wewe ndiye mama wa kambo, au baba yako ndiye mlinzi, unamwona yeye tu, na hadithi iliyobaki haikuingii tena.

Mama wa kambo katili amewakosea nini?

Kisa hiki kinaletwa kuliko vingine vyote. Mama mzazi anafariki ukurasa wa kwanza, baba anaoa, mtoto ananyimwa chakula, anafua nguo za nyumba nzima, analala jikoni. Baba anarudi jioni, haoni kitu. Mwishoni mama wa kambo anaumbuka na mtoto anapata neema.

Swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji wetu, hasa kina mama, ni hili: wajomba wa huyu mtoto wako wapi? Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu yake, iwe jandoni, iwe kwenye kuoa au kuolewa. Dini, shule na sheria vimebadilisha mengi, lakini hata leo si ajabu kuona mtoto aliyefiwa na mama akichukuliwa na bibi mzaa mama, au na mama yake mdogo. Kisa cha mama wa kambo kinasimama pale tu ambapo mtoto hana mtu mwingine duniani ila baba. Mwandishi wa Tandahimba akikiandika bila kumtaja mjomba hata mmoja, amechukua nyumba ya watu wengine akaiweka kijijini kwake. Sisi tunaosikiliza tunaona hapo pana watu wamefutwa: bibi, wajomba, mama wadogo, majirani waliokuwa wakimpa mtoto huyo ugali wa muhogo kila alipopita uani kwao.

Tena, wanawake wengi wanaokuja kwenye vikao wamewahi kulea mtoto wasiyemzaa. Wanaujua ugumu wake halisi. Kuna mtoto anayekataa kukuita mama. Kuna shangazi anayekuja kufunua sufuria aone mtoto amewekewa nini. Kuna mume anayekuachia kazi ya kukanya, kisha analalamika kwamba umekanya. Kuna siku unakuta umempakulia wako zaidi bila kukusudia, na mtoto wa mwenzio ameona. Hiyo ya mwisho ni hadithi nzima, na hatujaletewa bado. Tunamtaka mama wa kambo aliyekosea kweli, tuelewe kwa nini, na baba awe na macho.

Mbona mlimkataa mhusika wangu mlinzi? Dar watu walicheka.

Tunamjua. Ni Mmakonde, yuko getini, ana chale usoni, Kiswahili chake kinapindishwa ili kichekeshe, anasinzia, anatumwa sigara, na jina hana. Hapa mtu huyo ni babu wa msikilizaji aliyeketi mstari wa pili.

Enzi za ukoloni Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mengine yakiwa hapahapa Lindi na Mikindani. Vita ya ukombozi ilipoanza upande wa pili mwaka 1964, wengine walivuka wakikimbia vita, na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakawa na kambi ya mafunzo Nachingwea. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, wapo waliorudi, na wapo waliokuwa wamekwisha kuoa na kuzaa huku. Mafundi waliokwenda Dar es Salaam kuchonga mpingo, wakachonga ile minara ya ujamaa ya watu waliobebana mpaka juu, wanatoka katika watu haohao. Kazi zao zimewekwa katika majumba ya makumbusho Ulaya.

Sasa mzee wa namna hiyo umemsimamisha getini usiku kucha, una kurasa themanini, na huna la kumwuliza ila sigara. Chale zile alichanjwa na nani, akiwa na umri gani? Alivuka Ruvuma na nani, na nani hakufika ng'ambo? Kiswahili anachochekwa nacho huenda ni lugha yake ya tatu. Hatusemi mlinzi asichekeshe; wazee wa kwetu wanachekesha sana. Achekeshe kwa akili yake, kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe, na wakati mwingine kicheko kimwangukie mwenye nyumba. Kabla hujampa kituko, mpe jina na mpe kitu anachokitaka.

Msichana akienda mjini, lazima afe?

Miaka ya 1980 na 1990 alikufa karibu kila mara. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Dawa hazikuwapo, hofu ilikuwa ya kweli, na hadithi zilifanya kazi ya kuonya. Hatuwalaumu waliozitunga wakati ule. Redio nayo ilionya, na katika jambo hili ilikuwa na haki zaidi: katika mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, mwenye kuhangaika na wanawake njiani ni Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu ndiye anayesimama akajitegemea.

Hadithi nyingi za kwenye karatasi zilimchagua msichana. Kaondoka kijijini, kapaka rangi mdomoni, kapata bwana mwenye gari, kaugua, karudi kufia mikononi mwa mama yake. Yule bwana mwenye gari alisahauliwa katikati ya kitabu.

Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza VVU zinatolewa bure nchini. Mtu anaishi na virusi, anapalilia, anazaa mtoto asiye na maambukizi, anasomesha. Ukisoma mbele yetu hadithi ambayo binti anauawa na UKIMWI kama malipo ya kwenda mjini, ujue kwamba huenda umeketi na mtu anayemeza dawa kila usiku, na umemwambia mbele za watu kwamba yeye ni adhabu. Kati ya visa vyote, hiki ndicho tunachokikataa bila kuvuta pumzi mara mbili.

Wasichana wa kwetu wanakwenda mjini kila siku. Wanafanya kazi za ndani, wanapika kwa mama lishe, wanauza duka, wanasoma chuo. Wapo ambao fedha ya salfa ya kupulizia mikorosho ya baba inatoka kwao. Andika habari ya binti huyo anapopiga simu nyumbani na kuambiwa kiasi alichotuma hakikutosha.

Na kijana anayemng'ang'ania msichana mpaka anakubali?

Hiki tulikipenda sana, na tusijifanye vinginevyo. Alimsubiri kisimani, akamwandikia barua, akakataliwa, akamfuata mpaka kwao, akakataliwa tena, akaugua, akakubaliwa. Binti alipokataa sote tulijua ni aibu tu.

Wasikilizaji wetu sasa wana mabinti sekondari. Wanajua habari za mwanafunzi anayebadilisha njia ya kurudi nyumbani kwa sababu kuna mtu na pikipiki yake anamngoja. Wakisikia kijana wa hadithi amekaa kisimani siku ya tano, hawamwonei huruma, wanamwogopa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilipitishwa na Bunge mwaka 1998. Hadithi zetu za mapenzi ziliendelea kana kwamba haikuandikwa. Ile ambayo ubakaji unaishia kwenye posa na vigelegele hatuisomi kabisa.

Kupenda kwa mbali na kungoja bado kunatugusa. Ila binti awe na nafasi ya kutotaka, na akikataa, hadithi iwe na njia ya kuendelea.

Kwa nini hamtaki tukio la unyago? Si mila yetu?

Ni mila yetu, ndiyo maana. Mara nyingi anayeliandika hajaingia ndani, na analitafuta ili aonyeshe miili. Wasichana wengi wanaoingizwa unyagoni ni watoto wadogo. Tunasimama hapo.

Yanayofundishwa ndani ni ya waliopita, na asiyepita hubuni, na wote hubuni kitu kilekile. Lakini nje ya mlango kuna mambo tele yasiyoandikwa. Mama anaweka akiba tangu minada ya korosho ili mwanawe asitoke kinyonge. Ndugu wananuniana juu ya nani awe kungwi. Mwalimu anahesabu madawati yaliyo wazi. Siku ya kutoka, mwali anatembea chini ya mwavuli akiwa na nguo mpya, ameinamisha uso, watu wanamtunza fedha, na bibi yake anaangalia kama anainama sawasawa. Mwanamume naye anaweza kuiandika siku hiyo vizuri kabisa akibaki pale alipokuwa amesimama.

Je, uchawi pia mmeuondoa?

Hapana. Watu wanaishi na maneno hayo na hadithi isiyoyagusa ingekuwa na pengo. Tuliyemchoka ni kikongwe mwenye macho mekundu anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Macho yale ni ya moshi wa kuni wa miaka mingi, na Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa shaka hiyohiyo. Andika kutoka ndani ya nyumba yake, usiku ule anaposikia watu wanajadiliana nje. Vivyo hivyo kwa mhusika mwenye ualbino anayeingizwa ili atishe au aliliwe: tumewazika watu kwa ajili ya hadithi hizo.

Kumalizia kwa "kumbe ilikuwa ndoto" kunaruhusiwa?

Hapana. Msikilizaji amekupa jioni yake, ameacha jiko.

Naweza kumwita mhusika mbaya Hasidi?

Shaaban Robert alifanya hivyo. Katika Adili na Nduguze, Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na Kusadikika ina Karama na Majivuno. Zile ni nchi za kufikirika ambamo tabia zenyewe ndizo zinazoshtakiana, kwa hiyo jina ni sehemu ya hoja. Ukimweka Hasidi kwenye duka la mtaani Chikongola, katika hadithi ya watu wa kawaida, umeshamhukumu kabla hajauza hata kiberiti. Watu wa hapa wana majina mazito wanayobeba maisha yao yote, kina Shida na kina Tabu, na wapo kina Tabu wanaoishi kwa raha. Hapo pana kitu cha kuandika.

Mna shida gani na matajiri wa hadithi?

Hawana kazi. Jumba, ngazi za ndani, suti, simu sikioni, na hakuna anayejua fedha inatoka wapi. Msikilizaji wa Kusini anajua fedha ina msimu: kuna miezi ya kupuliza salfa, kuna miezi ya kuokota, kuna mnada, kuna kungoja malipo ya chama cha msingi. Mwaka 2018 wanunuzi na wakulima walishindwana bei, Serikali ikatangaza itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na nyumba ngapi ziliishi kwa kungoja. Mtu aliyepitia hayo hamwamini tajiri asiye na ghala, asiye na deni na asiye na mwezi mbaya. Zamani tuliliangalia lile jumba tukaota. Sasa tunauliza kodi analipa wapi.

Mbona "staringi hafi" hamuikatai?

Tumeulizwa hili na vijana, na wamekamata jambo. Waliolelewa na vibanda umiza wanakumbuka: sinema ya Kichina au ya Kihindi, msimulizi akiitafsiri na kuongeza yake, adui ameshika bunduki, badala ya kufyatua anaeleza mpango wake wote mpaka staringi anapata upenyo. Polisi wanafika mwishoni, watu wameshamaliza kazi. Ni uongo mtupu, na kisa hiki kimerudiwa kuliko cha mama wa kambo. Bado tunakipenda. Hakuna mtu wa mtaani anayebebeshwa mzigo wake, hakuna anayekwenda nyumbani akiwa amedhalilishwa. Tukikuta adui amepewa kabila au dini fulani ili achukiwe upesi, hapo tunarudi kuguna.

Na "itaendelea"?

Kukata hadithi pazuri ni ufundi wa zamani na tunauheshimu. Tunachokichoka ni hadithi za kwenye WhatsApp zinazokatwa kila aya ya tatu ili utume hela upate sehemu inayofuata, na sehemu inayofuata haisogezi chochote. Mwandishi alipwe, ni haki yake. Sehemu moja ikilipiwa, basi jambo moja litokee ndani yake.

Ngano za bibi nazo zina yaleyale. Mtazifuta?

Haiwezekani. Sungura anamdanganya Fisi, Fisi anaamini, na keshokutwa ataamini tena. Ngano inatambwa kwa watu waliopo. "Hadithi, hadithi!" inaitikiwa "Hadithi njoo!", na ule wimbo unaorudi mara nne au tano umewekwa ili watoto waingie nao waimbe. Kurudia ndiko kunakowapa nafasi. Bibi naye haisimulii vilevile: kama kuna mjukuu mchoyo kikaoni, siku hiyo Fisi atakuwa mchoyo kwa namna inayofanana sana na mtu. Tatizo huja mwandishi anapoichukua ngano ikiwa kavu, akaiweka kwenye karatasi bila wimbo, bila mwitikio, bila yule mjukuu, halafu akashangaa kwamba imekuwa fupi na nyepesi. Ukiiandika, andika na waliokuwa wakisikiliza.

Sasa hadithi yangu ina mambo haya matatu au manne. Niichane?

Usiichane. Mtafute aliyebebeshwa mzigo, kisha mwandikie ukurasa mmoja wa siku yake ya kawaida, tangu anaamka, kwa sauti yake mwenyewe. Ukurasa huo si lazima uingie kwenye hadithi. Ukishauandika utaona mwenyewe ni matukio gani hayawezi tena kubaki kama yalivyokuwa, na mara nyingi ni machache kuliko unavyohofia: sentensi mbili za baba, jina la mlinzi, neno moja la binti pale kisimani.

Ukimaliza, ilete. Daftari la mkono tunalipokea, simu tunaipokea, na walio Liwale au Nanyumbu wanaweza kutuma kwa sauti. Mwandishi anasoma mpaka mwisho bila kukatizwa, na maswali huanza na mkubwa wa umri aliyepo. Hadithi iliyofika nusu nayo inasomwa. Utuambie tu umekwama wapi.